Bihogo, Ng'ombe Asiye na Mwenyewe

Jamani, mmeniuliza sana. Kila nikifungua duka, kuna mmoja wenu anaegemea mlango na kusema, "Kasereka, ng'ombe alifika ao hakufika?" Nimechoka kuisimulia vipande vipande kati ya mteja wa sufuria na mteja wa misumari. Naandika yote mara moja, msome mkiwa na vinywaji vyenu, kisha mniache niuze.

Chanzo mnakijua, wengine mlikuwepo. Wajomba zangu walipokwenda kuposa, baba yake mke wangu Sifa, Papa Zakaria, mwindaji na mzee wa kanisa huko mbele ya Kibua, Walikale, alitaja mbuzi zake kwa heshima na taratibu. Wajomba, wana halisi wa Butembo, mji wa wafanyabiashara, wakajadiliana naye kana kwamba wananunua maharagwe ya jumla: hapa punguza, pale ongeza, na hao mbuzi usafiri analipa nani? Mzee akawaacha wamalize. Alipokea mbuzi waliobaki baada ya punguzo, kisha akasema, "Sasa mutaleta na ng'ombe moja. Hiyo hatutaongea bei." Tukacheka, tukidhani ni utani wa ukweni.

Haukuwa utani. Sifa alipokwenda kwao kujifungua, mzee alimzuia, akanitumia salamu kwa mdomo wa dereva wa pikipiki: ng'ombe asipofika kabla ya mtoto, basi mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Atapewa jina la huko, atakulia huko, na mimi nitakuwa mgeni anayekuja kumsalimu na sukari mkononi. Ndiyo desturi, na hata padri hakuwa na la kuongeza. Sifa alikuwa amebakiza muda mfupi tu. Nikafunga duka.

Goma hadi Bihambwe

Nilipanda lori la mwenzetu mmoja aliyekuwa anapeleka bia Masisi. Bia haikosi usafiri hata vita vikipamba moto. Dawa ndiyo husubiri barabara itengenezwe. Sake tulikaa asubuhi nzima, kwa sababu waliokuwa wakilinda daraja walikuwa wameondoka, na waliokuja kulilinda hawakuwa wameambiwa bado wanalilinda dhidi ya nani. Tukala ndizi za kuchoma, tukangoja. Mwishowe dereva akawateremshia kreti moja, wakajua sisi si adui.

Kuanzia Mushaki vilima ni majani matupu, na juu ya majani, ng'ombe. Wanene, wametulia kama wazee waliokwisha kusomesha watoto wao wote. Anayewachunga, yeye, suruali ameifunga kwa kamba ya katani. Kila penye kundi niliuliza ni za nani, nikitafuta wa kuniuzia, na jibu lilikuwa moja, likitolewa kwa kutazama chini: "Za mukubwa." Mkubwa yupi, hakuna aliyetaka kunisaidia zaidi.

Bihambwe nikampata Habimana, mchungaji wa makamo, aliyekuwa na mtamba mmoja wake mwenyewe, mwekundu wa kukolea, jina lake Bihogo. Alipewa badala ya mshahara ambao haukuja. Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Habimana aliona wa kwake hata kulala halali vizuri kati ya ng'ombe za wakubwa, akakubali kuniuzia. Akakubali pia kumswaga pamoja nami mpaka Nyabiondo.

"Mbele ya Nyabiondo siendi, Papa," alisema. "Huko hawatatazama ng'ombe. Watatazama sura yangu, waseme niko Munyarwanda."

Hatukuwa tumepoteza kijiji machoni tulipofika kwenye bariyeri ya kwanza, mti uliolazwa juu ya mawe mawili. Askari akamtazama Bihogo, akanitazama mimi na viatu vyangu vya plastiki.

"Ng'ombe iko ya nani?"

"Iko yangu," nikasema, kwa kujivuna kidogo, maana sikuwahi kumiliki kitu chenye pembe.

Alicheka mpaka akawaita wenzake waje kunitazama. "Weye? Uliiiba wapi?" Nikaeleza mahari, mke, mtoto anayekuja. Wakasikiliza vizuri sana, hata wakanipa pole. Halafu wakanieleza kwamba ng'ombe wangu amekula majani ya serikali, na kwato zake zinaharibu barabara ya serikali. Barabara yenyewe ilikuwa na shimo ambamo bata walikuwa wanaogelea. Kufika mchana walikuwa wamechukua jibini yangu yote ya njiani na koti langu la mvua, lile la kijani mlilokuwa mkiliazima. Mkubwa wao alilivaa hapo hapo, akalifunga vifungo mpaka shingoni, na mvua ikaanza.

Rubaya

Rubaya tuliingia tukiwa tumelowa chepechepe. Vilima vile vimechimbwa mpaka vinaonekana kama mkate ulioliwa na panya. Wachimbaji wanashuka na magunia ya koltani mgongoni, tope mpaka magotini, mmoja nyuma ya mwingine. Utajiri wote ule unapita kwa miguu ya watu, na mahali unapopita hapaachwi hata bomba la maji. Mama mmoja alikuwa anauza viazi vya kuchemsha chini ya mwavuli. Nilimuuliza maji anachota wapi. "Bondeni, kwenye batu banaosha mawe," akasema. "Tunangoja tope ikae chini, njo tunapika." Viazi vyake vilikuwa vitamu hata hivyo.

Nilikuwa nimejaza mdomo kiazi cha moto, ulimi unaungua, machozi yananitoka, bariyeri ya pili ikawa mbele yetu.

"Ng'ombe iko ya nani?"

Sikuweza kusema. Nikainua kidole juu, nikimaanisha, ndugu yangu, ningoje nimeze.

Askari akakitazama kidole. Akatazama kinakoelekea. Kwenye kilima juu yetu kulikuwa na nyumba yenye bati jipya na gari mbili mlangoni. Akauweka sawa mkanda wake.

"Pardon, Papa. Pita."

Akainua mti mwenyewe. Tena akawafokea wabeba magunia waliokuwa wanakuja watoke njiani, na watu wale, na mizigo yao ile, wakashuka kwenye mtaro, wakasimama kwenye maji ili Bihogo apite pakavu. Habimana alicheka mpaka akashika mkia wa ng'ombe asianguke. Mimi nilikuwa bado napambana na kiazi.

Toka hapo sikusema tena "yangu". Aliye juu mngoje chini, husema watu. Mimi nikamtumia aliye juu ili nipite chini. Kidole kimoja tu. Sikutaja jina la mtu, sikudanganya, hata kwenye kitubio sijui ningeanzia wapi. Kila mwenye bunduki alijijazia mwenyewe jina analoliogopa, na kila mmoja alikuwa nalo tayari.

Lushebere

Masisi kila mtu alituambia tusilale mjini, tulale Lushebere karibu na kambi ya wakimbizi, eti kuna usalama. Usalama ulikuwepo, kwa Bihogo. Msimamizi wa kambi alipoona kidole changu, aliamuru watu wawili wahame kwenye turubai iliyokuwa nzima, ng'ombe akawekwa humo asinyeshewe. Nilipinga. Akaniambia nisiwe na hofu, wale wamezoea.

Mmoja wa waliohamishwa alikuwa Mama Riziki, mjane. Badala ya kunitukana alinikaribisha kwenye sombe, majani ya muhogo, na bugali, tukala chungu kimoja. Alipomaliza alinionyesha kilima cha ng'ambo kwa kijiko.

"Unaona ile ferme, ile shamba kubwa? Pale kwenye ng'ombe zinalala, pale njo nilizaliwa. Maharagwe yetu ilikuwa inafika mupaka huku chini."

"Na sasa ni ya nani?"

"Ya mukubwa." Akalamba kijiko. "Na hii yako, kabisa kabisa, iko ya nani?"

Kidole kilikwishaanza kupanda chenyewe. Akacheka. "Ya Mungu?"

Niliona haya, jamani, nasema kweli. Nikamnong'oneza kwamba ni yangu, ya mahari, na kwa nini naharakisha. Akakitua kijiko.

"Usiseme tena kwa nguvu," akasema. "Batu bakisikia iko ya mutu wa bure, asubui hautaikuta. Ng'ombe ikiwa na mukubwa inalala vizuri. Lakini shiye tulio hapa, tuko ba nani?"

Kidole hakikufaa kitu mbele ya swali lile. Asubuhi nilimwachia kilemba nilichokuwa nikimpelekea mama mkwe, nikaondoka bila kugeuka.

Nyabiondo hadi Kashebere

Nyabiondo kuna wenye bunduki wengine, wasiopatana na wale wa nyuma. Nilidhani kidole kitakataa kufanya kazi. Kumbe kila kilima kina mkubwa wake, na kidole ni kile kile.

Tulikuta salongo: wapita njia wote wanashikwa, wanapewa jembe, wanalima barabara kwa jina la maendeleo. Walimu, wauza chumvi, mwinjilisti mmoja na Biblia yake kwapani. Barabara hiyo hiyo, mwinjilisti alininong'oneza, wiki iliyopita aliitengeneza kwa amri ya kundi lililokuwepo, kisha kundi hili likamwamuru aichimbe ili lile lisirudi, na sasa anaitengeneza tena. "Miye peke yangu njo ninaijua vizuri," akasema. Mimi walinisamehe kwa ajili ya ng'ombe. Tena wawili wakatolewa kwenye kazi wakamkatie majani. Bihogo alikula akitazama walimu wakilima, na nafikiri tabia yake ilianza kuharibika hapo, maana mchana alikataa kuvuka kijito mpaka abembelezwe.

Habimana aliniaga hapo hapo Nyabiondo. Alimkuna Bihogo katikati ya pembe, akamwambia maneno ya Kinyarwanda taratibu, akageuka haraka. Mimi, muuza sufuria, nikabaki na kamba mkononi na mnyama anayejua kwamba sijui kitu.

Mkubwa wa salongo, kwa wema wake, alitaka kunisaidia. Aliita dereva wa pikipiki aliyekuwa anaelekea Kibua. "Uende useme kote," alimwagiza, "ng'ombe ya mukubwa inakuya. Bafungue njia." Nilimshukuru kwa mikono miwili. Ndivyo nilivyolipia ujinga wangu nikiwa natabasamu.

Msituni, mbele ya Kibua

Baada ya Kashebere majani yanakwisha, msitu unaanza, na Bihogo akavunjika moyo. Hakuna malisho mle. Alinusa majani ya miti, akanitazama kama mtu aliyepelekwa hoteli isiyo na jiko. Njia ilikuwa nyeupe kabisa. Bariyeri zilikuwa wazi, hakuna aliyeuliza kitu, na vijiji viwili tulivyopita havikuwa na mtu. Jiko linatoa moshi, sufuria iko motoni, wenyewe hawapo. Nilifikiri ni siku ya soko.

Kijiji cha Papa Zakaria nacho kilikuwa kitupu. Kuku tu. Mlangoni kwake alikaa mzee mwenyewe, na nyuma yake, akijishika kiuno, tumbo mbele, mke wangu.

"Kasereka!" Sifa alilia. "Ni weye njo unaleta vita?"

Ndipo wakanieleza. Pikipiki ilipita ikitangaza ng'ombe ya mukubwa, na watu wote wakaingia msituni na watoto na mikeka. Mwaka uliotangulia ilikuja jenereta, nayo walitangaziwa hivyo hivyo: ya mukubwa. Nyuma ya jenereta ziliingia bunduki, na kile kijito walikokuwa wakiosha dhahabu kidogo kidogo kumlipa mwalimu kikapata mwenyewe. Mwalimu aliondoka. Shule ikawa stoo ya mafuta ya jenereta. Sasa, ng'ombe je, nyuma yake inakuja nini? Wao wawili walibaki kwa sababu Sifa hawezi kukimbia na baba yake hawezi kumwacha.

Nilipiga magoti. "Papa, ni yangu. Ya mahari. Nilinunua Bihambwe."

Mzee alimzunguka Bihogo polepole. "Kule njiani ulisema iko ya nani?"

"Sikusema, Papa. Nilinyoosha kidole."

"Njo ile ile." Akakaa tena. "Sikiya, bokilo, mukwe yangu. Kwetu nyama ikiingia mu wavu, hakuna mutu anagusa kisu kabla haijasemwa kwa sauti: wavu iko ya nani, mbwa iko ya nani, nani aliiona wa kwanza. Kisha kila mutu anajua kipande yake, hatupigani. Weye umeniletea nyama imetembea nchi muzima bila mwenyewe. Nitapokea mahari ya nani? Kesho mukubwa akikuya, aseme binti yangu na mutoto yake biko byake?"

Sifa alikaa chini, akashika tumbo, akaguna. Uchungu ulikuwa unaanza, na mimi nilikuwa bado nimepiga magoti pale na ng'ombe asiye na mtu.

"Nifanye nini, Papa?"

"Ng'ombe ya mukubwa, hakuna mutu anaweza kuichinja. Kama iko yako, chinja."

Sasa ninyi mnanijua. Njia nzima nilikuwa nimekwisha kumzalisha Bihogo kichwani, ndama kwa ndama, mpaka nikawa na kundi. Na si hesabu tu, nilikuwa nimempenda. Alikuwa amelala turubai moja nami Lushebere, pumzi yake ikinipasha joto mgongo. Nilichukua kisu cha mzee, nikalia bila kuficha, nikafanya. Watu waliokuwa wakichungulia toka msituni waliona. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, kisha wote, na wanawake wakakimbilia kwa Sifa wakamwingiza ndani.

Papa Zakaria hakujua ng'ombe anavyogawanywa, basi akamgawa kama nyama ya wavu. Kichwa kwa aliyemwona kwanza: ikapatikana kwamba ni bibi kizee mmoja aliyekuwa amekimbia kupita wote. Kifua kwa wazee. Mguu kwa mama wakwe. Kila kipande alikitaja jina la mwenyewe kwa sauti, na hakuna aliyenung'unika. Nikawaza, kule nilikotoka kuna serikali tatu na hakuna hata moja iliyoweza kugawa kiazi namna hii.

Katikati ya mgawo wakaja wanaume watatu wa kile kijito, bunduki begani, wamefuata harufu. Visu vikasimama juu ya nyama.

"Ng'ombe ilikuwa ya nani?" akauliza wa mbele.

Macho yote yalikuja kwangu. Ndani ya nyumba nilimsikia Sifa. Papa Zakaria akajibu kabla sijafungua mdomo, kwa sauti ile ile ya kutaja vipande.

"Ya mukwe yangu, Kasereka. Alinunua, alileta, alichinja. Mahari imekwisha." Akakata kipande karibu na shingo, akampa. "Hii iko ya mupita njia."

Yule mtu alikitazama kile kipande. Akawatazama watu wote wa kijiji waliokuwa wamesimama na visu vya nyama mikononi. Akapokea, akasema asante, wakaenda.

Mtoto alizaliwa nyama zikiwa bado motoni. Msichana. Papa Zakaria alimnyanyua, akaniuliza jina mbele ya wote, nami nikasema la kwetu, la kifungua mimba wa kike: Masika. Akalirudia mara tatu ili kila mtu asikie.

Kurudi

Tulirudi Masika alipopata nguvu, kwa pikipiki, kwa lori, kwa miguu. Lushebere nilimtafuta Mama Riziki nimpe nyama kavu. Turubai yake ilikuwa imepewa mbuzi wa mtu, wakaniambia amehamia upande wa chini. Nilimkuta, tukala tena chungu kimoja. Alimbeba Masika muda mrefu, hakuuliza swali lake tena.

Na kule Bihambwe, kwenye mti ule wa kwanza uliolazwa juu ya mawe, nilimkuta mkubwa wa bariyeri amevaa koti langu.

Alinijua mara moja. Habari zilikuwa zimemfikia: mtu wa ng'ombe, mtu wa wakubwa. Akakakamaa, mkono kwenye paji la uso. "Pardon, Papa, siku ile sikukujua." Akaanza hata kufungua vifungo anirudishie koti. Kisha akamtazama Sifa, akamtazama Masika mgongoni kwake.

"Huyu mama na mutoto, nabo ni ba mukubwa?"

 Sifa alinitazama, aone nitajibu nini. Mvua ilikuwa imeanza tena, na koti langu lilikuwa limefunguliwa nusu. Kilichotakiwa ni kidole kimoja.

"Hapana," nikasema. "Ni bangu. Bote babili."

Uso wake ukabadilika. Akavifunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni.

"Basi lipa."

Nikalipa. Mimi, mwana wa Butembo, sikumwomba hata apunguze.